Ushairi Unaojitazama: Kazi ya Kujirejelea katika Utunzi wa Kiswahili na Nafasi Yake Darasani

Ikisiri

Ushairi unaojirejelea ni ule unaozungumzia kutungwa kwake wenyewe: sababu ya kutungwa, zana zilizotumika, ugumu wa kupata kina, au uhusiano wa mtunzi na msomaji wake. Wahakiki wengi huuhusisha ushairi wa aina hii na nadharia za kisasa zilizotoka nje. Makala haya yanadai kwamba tabia hiyo imo katika ushairi wa Kiswahili tangu tenzi kongwe, na kwamba hapo mwanzo ilikuwa na kazi mahususi. Tatizo la leo ni kwamba umbo limebaki na kazi imesahauliwa, hasa katika madarasa yanayofundisha Kiswahili kama lugha ya pili. Kwa kurejelea Mwana Kupona, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Abdilatif Abdalla na Euphrase Kezilahabi, pamoja na beti mbili fupi zilizotungwa kwa ajili ya makala haya, tunafafanua kazi hiyo na kupendekeza vipimo viwili ambavyo mwalimu na mtunzi chipukizi wanaweza kuvitumia.

Istilahi muhimu: ushairi unaojirejelea, dibaji, tamati, arudhi, utunzi, ufundishaji

1.0 Utangulizi

Kiswahili kimepanua mipaka yake rasmi katika ukanda huu. Rwanda ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Pamoja na lugha huja fasihi yake, na pamoja na fasihi huja ushairi, somo ambalo walimu wengi hulikabili kwa wasiwasi na wanafunzi kwa kukariri.

Katika kukariri huko, mwanafunzi hufundishwa kwamba utenzi una dibaji na tamati. Huambiwa kuwa katika dibaji mtunzi humtaja Mungu, huomba wino na karatasi, na hueleza sababu ya kutunga. Na kuwa katika tamati hujitaja, huhesabu beti na kuandika tarehe. Mwanafunzi huyaandika hayo kama orodha ya sifa, akapata alama zake. Swali ambalo halimfikii ni hili: kwa nini shairi likatize simulizi au mawaidha yake ili lizungumze juu ya wino? Kuna nini ndani ya wino?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Hoja yetu kuu ni kwamba shairi linapojitaja lenyewe huwa linafanya kazi fulani, na kwamba thamani ya kujitaja huko hupimwa kwa kazi hiyo. Pasipo kazi, kujirejelea ni pambo tu, liwe la kale au la kisasa.

2.0 Dhana ya kujirejelea na ushahidi wa msamiati

Kila shairi huvuta macho kwenye lugha yake kwa kiasi fulani. Mnamo mwaka 1917 mhakiki Mrusi Viktor Shklovsky alieleza kwamba sanaa hukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni, na kwamba hata umbo la sanaa lenyewe linaweza kuwekwa wazi ili mtazamaji alione. Shairi linalojirejelea huenda hatua hiyo ya pili: halitumii kina tu, bali husema kwamba linatumia kina. Halina tu msomaji, bali humwita.

Hata hivyo, kabla ya kwenda kwa Warusi, msamiati wetu wenyewe una ushuhuda. Kitenzi kutunga hutumika kwa shanga, kwa maua, na kwa samaki waliopitishwa katika ujiti au kamba, ambao pamoja huitwa mtungo. Mimba nayo hutunga, na jipu hutunga usaha. Kwa hiyo mtu anayesema ‘nimetunga shairi’ ameshataja tendo la mkono: amepitisha uzi katika vitu vilivyokuwa mbalimbali. Neno ubeti limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba au hema. Mizani ni chombo cha sokoni. Kituo ni mahali pa kupumzikia msafiri. Kina, licha ya kuwa mlio unaorudiwa, ni umbali wa kwenda chini katika maji, na Said Ahmed Mohamed alipoiita diwani yake ya mwaka 1984 Kina cha Maisha, aliacha maana zote mbili ziishi katika jalada moja.

Istilahi za arudhi, basi, ni majina ya kazi na vyombo. Lugha inayouita ushairi kwa majina ya ushonaji wa shanga, ujenzi, upimaji na usafiri imeshauelekeza ushairi kujitazama. Mtunzi anayeyaamsha majina hayo ndani ya shairi lake haingizi kitu kigeni. Anafunua kilichokuwa kimefunikwa na mazoea.

3.0 Kazi tatu za kujirejelea katika tungo kongwe

3.1 Kutoa sababu

Mfano bora ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siyu, ulioandikwa mwaka 1275 Hijria, yaani takriban 1858. Mwana Kupona anamwita bintiye, Mwana Hashima, na kumtaka akae karibu pamoja na wino na karatasi. Anataja pia kwamba yumo katika maradhi ya muda mrefu. Baadaye anaeleza sababu ya kutunga kwake, na katika maelezo hayo anajitenga na watu wanaotunga ili waitwe washairi: yeye ana kijana asiyeyajua bado maisha, naye anataka kumwachia wasia.

Tukilisoma hilo kama kipengele cha dibaji tu, tumelipunguza. Katika utendi huu wino na karatasi vina uzito kwa sababu muda una mpaka. Mama anayeugua anajua kuwa sauti yake haitadumu chumbani. Kinachoweza kudumu ni maandishi. Kuita wino ni kukiri kifo bila kukitaja kila mara. Tena, kalamu inaitwa kupitia kwa binti, ili yule atakayepokea wasia awe shahidi wa kuandikwa kwake. Msomaji wa leo, anayekuja zaidi ya miaka 160 baadaye, anawekwa katika nafasi ya binti huyo. Kutungwa kwa utendi na ujumbe wa utendi ni kitu kimoja. Mwana Kupona alifariki takriban mwaka 1860, na hapo msomaji huona kwamba mwito ule wa wino haukuwa desturi tupu.

3.2 Kuutaja utungo kwa sura yake

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi, anatangaza mapema nia yake ya kutunga koja la lulu. Hapa maana ya awali ya kutunga inarudi kazini: beti ni lulu, na utungo ni uzi. Lakini Al-Inkishafi ni shairi kuhusu kubatilika kwa fahari ya dunia. Linaeleza majumba yaliyokuwa na taa na mapambo, ambayo sasa yamekuwa makao ya popo, ndege na wadudu. Je, mtunzi anayelaani mapambo ya dunia anawezaje kuanza kwa kuuita utungo wake pambo?

Swali hili ndilo linaloipa taswira ya koja nguvu yake. Lulu za matajiri wa Pate zimetawanyika. Lulu za maneno zimetungwa ili ziukumbushe moyo. Msomaji anayekumbuka koja la mwanzoni huyasoma magofu kwa jicho jingine, kwa kuwa anashika mkononi pambo la pekee ambalo mtunzi bado analiamini. Shairi limejitaja, na kwa kujitaja limejiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kosa linalolikemea. Hatari hiyo ni sehemu ya maana.

3.3 Kuulinda utungo

Kazi ya tatu ni ya kiutendaji zaidi. Tenzi zilinakiliwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine. Mnakili angeweza kuruka ubeti, kuongeza wake, au kubadili neno asilolielewa. Mtunzi aliyetaja idadi ya beti katika tamati aliuwekea utungo wake kufuli: atakayehesabu na kupata pungufu atajua kwamba kuna kilichopotea. Mtunzi aliyejitaja kwa jina, kwa baba na kwa mji aliweka muhuri. Aliyewaomba wajuzi wamsahihishe na wasomaji wamwombee dua alifungua mlango mdogo katika ukuta huohuo, kwa maana alikiri kuwa utungo utaendelea kuguswa na wengine.

Desturi hii haikufa magazeti yalipoanza. Katika kurasa za mashairi za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, na za magazeti yaliyofuata, kuna ada ya mtunzi kumbishia hodi mhariri, kuomba nafasi ukurasani na kusihi shairi lisitupwe kapuni. Kilichobadilika ni mlinzi wa lango. Adui wa utungo hakuwa tena mnakili mzembe, bali uhaba wa nafasi. Shairi likaendelea kuzungumzia njia linayopitia ili limfikie msomaji.

4.0 Karatasi ya gerezani na mlango wa nyumba mpya

Katika karne ya 20 kazi hizi zilipata sura nyingine. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968. Mashairi aliyotunga gerezani hadi alipoachiliwa mwaka 1972 yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Inajulikana kwamba aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kwa mfungwa huyo, mwito wa kale wa wino na karatasi haukuwa na mtu wa kuuitikia. Ndiyo maana jina la diwani lina uzito: linamwambia msomaji, kabla ya ubeti wa kwanza, sauti hii inatoka wapi. Abdilatif alishikilia vina na mizani katika hali ambayo ingemruhusu kuviacha, na ushikiliaji huo ukawa ushahidi kwamba nidhamu ya mtunzi haikuvunjwa na kifungo. Umbo lenyewe lilisema juu ya mazingira ya kutungwa kwake.

Wakati huohuo ulizuka mjadala mkubwa kuhusu arudhi. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshachapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi (1974), diwani iliyokataa ulazima wa vina na mizani. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, walitetea upana wa ushairi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Mjadala huo umeelezwa mara nyingi kama vita kati ya wanamapokeo na wanausasa, nasi hatuna haja ya kuurudia. Tunachopenda kionekane ni kwamba kitabu cha Amri na kile cha Mulokozi na Kahigi vina muundo unaofanana: maelezo ya utunzi na mashairi ya watunzi wenyewe yamefungwa pamoja. Kila upande ulihisi kwamba haiwezekani kutunga bila kueleza namna ya kutunga.

Kezilahabi aliliendeleza jambo hilo katika Karibu Ndani (1988). Jina hilo ni kauli ya mwenyeji mlangoni. Tukikumbuka asili ya neno ubeti, tunaona kuwa msomaji anakaribishwa katika nyumba ambayo vyumba vyake havikupangwa kama vya zamani, na kwamba itambidi ajitafutie pa kukaa. Inafaa pia kukumbuka kuwa Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na Kikerewe ndicho kilichokuwa lugha yake ya kwanza. Kwa wanafunzi wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, hilo si jambo dogo. Mtu anayeijia lugha kutoka nje ya pwani huviona viungo vyake kwa uwazi kuliko aliyezaliwa navyo, na uwazi huo unaweza kuwa mali ya mtunzi.

5.0 Kutoka kanuni hadi utunzi: mifano miwili

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue ubeti wa utenzi wa aina ambayo mwanafunzi mwenye bidii angeweza kuuwasilisha:

Lete wino na kalamu,
Nami nianze nudhumu,
Niyatunge yaje timu,
Wasomaji kusomea.

Mizani ni minane kila mshororo, vina vimetimia, na dibaji ‘ipo’. Lakini ubeti huu ungeweza kuwekwa mbele ya utenzi wowote, uwe wa ukimwi, wa uchaguzi au wa harusi, nao usibadilike. Hakuna wino, hakuna kalamu. Pengine mwanafunzi ameuandika kwenye simu. Tulinganishe na huu, wenye umbo na vina vilevile:

Wino sina, nina simu,
Chaji nusu, haidumu,
Neno liwe la muhimu,
Giza halijaingia.

Ubeti huu haudai ukubwa wowote. Hata hivyo, umeuliza swali ambalo Mwana Kupona aliliuliza kwa uzito zaidi: nina muda gani, na kwa muda huo niseme nini? Zana imetajwa kwa kuwa ina mpaka, na mpaka huo unamlazimisha mtunzi kuchagua maneno. Beti zitakazofuata zitahukumiwa kwa ahadi hiyo. Zikipiga porojo, msomaji ana haki ya kulalamika kuwa chaji imepotezwa bure.

Mfano wa pili unahusu kina. Kila aliyewahi kutunga anajua kuwa kina kinaweza kumvuta mtu aseme asichokusudia. Desturi ni kuuficha mvutano huo. Shairi linalojitazama linaweza kuuweka wazi:

Kina changu chanitaka, niseme mambo mazuri,
Kwamba mvua imeshuka, na shamba linanawiri,
Bali jana nilifika, nikakuta kavu, pori,
Hapa kina nakivunja, shamba halina mahindi.

Mishororo mitatu inatii vina vya ka na ri. Wa nne unaviacha, na unasema kwamba unaviacha. Mjuzi wa arudhi atagundua jambo la ziada: kituo kinaruhusiwa kuwa na vina vyake, mradi beti zote zilizobaki zifuate mpango huohuo. Kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Kilichovunjwa ni uongo ambao urembo wa vina ulikuwa unauandaa. Ukame wa shamba unasikika katika ukame wa mlio. Mwanafunzi aliyeandika ubeti kama huu ameielewa kanuni kuliko yule aliyeikariri, kwa sababu ameonyesha kanuni inafanya nini na inagharimu nini.

6.0 Pingamizi na vipimo

Pingamizi moja lina nguvu, nalo limo katika methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shairi zuri, pingamizi linasema, halina haja ya kujitaja. Linalojitaja linatafuta huruma au sifa. Mteja hakuketi kitini ili asikilize kinyozi akiusifu wembe.

Pingamizi hili ni sahihi kwa mashairi mengi, ya kimapokeo na huru pia. Yapo mashairi huru ambayo kila mshororo unatangaza kuwa ni mshororo, hadi msomaji anabaki na zana bila kazi. Lakini methali inawalenga wanaojitembeza, na kujitembeza si sawa na kujieleza. Mwana Kupona hakutaja wino ili asifiwe. Tunapendekeza, basi, vipimo viwili vya kutofautisha.

Kipimo cha kwanza ni cha kuondoa. Ondoa sehemu ambayo shairi linajizungumzia, kisha usome kilichobaki. Ikiwa hakuna kilichopotea, sehemu hiyo ilikuwa pambo. Ukiondoa maradhi, wino na binti katika utendi wa Mwana Kupona, mawaidha yanabaki, lakini aliyeyasema na sababu ya haraka yake vinatoweka.

Kipimo cha pili ni cha kuhamisha. Chukua sehemu hiyo uiweke katika shairi jingine lenye mada tofauti. Ikikaa vizuri bila kubadilishwa, haikuwa ya shairi la kwanza. Koja la lulu katika Al-Inkishafi likihamishiwa katika shairi la kusifu harusi linakuwa sifa ya kawaida. Pale Pate, mbele ya majumba yaliyobomoka, ni hoja.

Darasani vipimo hivi vinaweza kutumiwa kwa zoezi jepesi. Mwalimu awape wanafunzi kazi ya kutunga beti tatu za utenzi kuhusu jambo wanalolijua, na katika ubeti mmoja wataje kitu kimoja cha kweli kuhusu kutungwa kwake: neno walilolikosa na wakalazimika kuliuliza, lugha ya nyumbani iliyowajia kwanza, kelele iliyokuwa nje ya dirisha. Kisha wabadilishane kazi na kutumia vipimo viwili. Kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne, zoezi hili lina faida mahususi. Ugumu alioufanya kuwa siri ya aibu unageuka kuwa mada halali, na hatimaye kuwa ustadi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ushairi unaojirejelea una mizizi katika dibaji na tamati za tenzi, katika msamiati wa arudhi, na katika kurasa za mashairi magazetini. Katika sehemu zote hizo kujirejelea kulifanya kazi: kulitoa sababu, kuliutaja utungo kwa sura iliyouweka katika mvutano na mada yake, na kuliulinda dhidi ya upotevu. Watunzi wa karne ya 20, wenye vina na wasio na vina, waliendelea na kazi hizo katika mazingira mapya.

Mitaala mipya ya Kiswahili katika nchi jirani ina nafasi ya kuchagua. Inaweza kuwapokeza wanafunzi orodha ya sifa, nao wakaendelea kuomba wino wasioutumia. Au inaweza kuwauliza, kila wanapofikia dibaji, mtunzi huyu alihitaji wino kwa ajili gani, na wao wenyewe wanatungia kwenye nini, kwa ajili ya nani, na kwa muda gani uliobaki. Njia ya pili inahitaji mwalimu aliye tayari kusoma majibu yasiyolingana. Majibu hayo ndiyo yatakayokuwa ushairi wa Kiswahili wa ukanda huu.